Kikao cha Lodwar

Habari ilimtangulia Ayak nyumbani. Alipoinama kupita mlango wa mabati, jerikeni la maji kichwani, mumewe alikwisha kuambiwa kwamba wanawake wa bloku yao wamemchagua akawasemee Lodwar. Biar alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha kamba, mikono magotini, akimngoja kwa ukimya ule ambao Ayak aliuogopa kuliko makelele.

Alitua jerikeni. Mama mkwe wake, Adut, alikuwa nje kivulini na mjukuu wake Awan, akipeta mtama. Mgongo ameupa mlango, masikio yote yako ndani.

"Ulikubali?" Biar aliuliza.

"Walinyoosha mikono wote. Ningesema nini?"

"Ungesema una mume."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kakuma ilikuwa imefanywa manispaa, na maofisa wa mipango walikuwa wamekuja na ramani ya mji utakaojengwa, mji ambao, walisema, hautakuwa na kambi upande huu na wenyeji upande ule, bali watu wa pahali pamoja. Waliibandika ukutani mwa ukumbi wa kanisa, wakawaomba wananchi waitazame na kutoa maoni. Watu waliitazama kama mgonjwa anavyoitazama picha ya mifupa yake: anajua ni yake, hajui inasema nini. Ni Ayak, aliyesoma hadi kidato cha nne humo humo kambini, aliyefuatisha kwa kidole mstari wa Tarach, ile laga kubwa inayokauka mwaka mzima na kufurika siku isiyotarajiwa. Alipofika kwenye kona yao, akakuta bloku yao haipo. Mahali pake palichorwa kituo cha kulaza malori yanayokwenda Lokichoggio na Sudan Kusini. Na njia ya mifugo ya Waturkana, wenyeji wa ng'ambo ya laga, wanayoshukia kwenda kunywesha kwenye visima vya mchangani, ilikuwa imezibwa na kituo hicho hicho. Maoni ya mwisho yangepokelewa Lodwar, makao makuu ya kaunti. Baada ya hapo ramani ingepitishwa.

Biar hakuwa na ugomvi na ramani. Ugomvi wake ulikuwa na jina la mkewe kuwekwa karibu nayo. Familia yao ilikuwa imekwisha kuhojiwa na kupimwa afya ili ipelekwe nchi ya mbali, na tangu wakati huo ilikuwa inangoja. Siku hizo posho ya chakula ikizidi kupunguzwa, kungoja huko ndiko kulikokuwa chakula chao cha pili. Sasa ulikuwa umezuka uvumi kwamba kila anayeingia katika ujumbe wa mji atahesabiwa kuwa amechagua kubaki. Hakuna aliyejua ulikoanzia, na hakuna ofisa aliyejisumbua kuukanusha.

"Wanasema mwenye kupanga mji hapa amekubali kufia hapa," Biar alisema. "Wataifunga kesi yetu."

"Nani wanasema?"

"Watu."

"Watu hao hao ndio walionichagua."

Biar aliinuka. Alikuwa mrefu, na chumba kile kilimlazimu kuinama hata akiwa na hasira. Akamwambia mkewe kwamba kuna pia jambo la kibali. Mkimbizi akitoka Kakuma bila kibali anakamatwa, na akikamatwa jina lake linaandikwa polisi. Nchi gani itampokea mtu aliyeandikwa polisi? Yeye alikuwa amekaa miaka yote hiyo bila hata kumsukuma mtu kwenye foleni, kwa kuogopa doa dogo. Leo mkewe anataka kwenda kulipaka kwa mikono yake.

Ungo ulinyamaza nje. Kisha sauti ya Adut ikasikika, kavu, wala hakugeuza uso.

"Na wakitubomolea, hao wanaokuja kutuchukua watatukuta wapi?"

Biar alitoka, akaenda zake upande wa laga, na chakula chake siku hiyo kililiwa na wengine.

*

Ayak alikwenda kuomba kibali. Dirishani aliambiwa asimame nyuma ya mstari, ingawa alikuwa peke yake. Karani aliyekuwa ndani hakuzungumza naye moja kwa moja. Alimwambia askari wa mlangoni, na askari akamwambia Ayak, na jibu lake likarudi kwa njia hiyo hiyo, kana kwamba watatu hao hawakuwa wakisikizana.

Alitoa barua ya mwaliko. Karani aliisoma, akaigeuza, akauliza kupitia kwa askari kwa nini watu wa mipango hawakuandika mapema. Ayak akasema yeye si mtu wa mipango. Akaambiwa arudi kesho. Kesho yake alimkuta karani mwingine, kijana mchangamfu zaidi, ambaye walau alimtazama usoni.

"Umealikwa na serikali yenyewe, mama. Gari la serikali linakuja kukuchukua. Nani atakuzuia?"

Ayak aliomba maneno hayo ayaandike na kuyapiga muhuri. Yule kijana akacheka.

"Wewe umesoma sana," akasema, na dirisha likafungwa.

Nyumbani hakusema kwamba amekosa kibali. Alisema wamemwambia hakuna shida. Biar aligeukia ukuta.

*

Gari lilikuja asubuhi na mapema, Landcruiser ya kaunti, dereva wake mtu wa makamo aitwaye Cheruiyot. Wajumbe wengine walikuwa wamekwisha kuketi. Akidor ndiye aliyekuwa amechaguliwa na Waturkana wa ng'ambo. Alikuwa ameketi nyuma, shanga zimemjaa shingoni, viatu vya tairi miguuni, mkoba wake ameukumbatia.

Hawa wawili walijuana. Akidor ndiye aliyewauzia kuni watu wa bloku, na zamani alikuwa akitua mzigo wake, akaketi kwa Adut, wakanywa chai na kubishana juu ya kipimo cha mtama kwa lugha ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Kisha vijana wa pande mbili wakapigana kwa sababu ya mbuzi, mmoja akaumizwa vibaya, na tangu siku hiyo Akidor aliacha kuni nje ya ua na hakuketi tena.

"Ejok," Ayak alimwamkia.

"Ejok-nooi, Mama Awan," Akidor alimjibu, akasogea kumpa nafasi. Walipokwisha kutoka mjini akasema, macho yake yakiwa dirishani, "Wazee wetu wamenikataza. Wamesema mimi niseme ya mifugo tu. Nisibebe mzigo ya wageni."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi bado sijafika Lodwar."

Kizuizi kilikuwa mahali ambapo hapana kitu kingine: mapipa mawili ya lami, ubao wenye misumari, kibanda cha turubai, na rundo la magunia ya makaa yaliyokamatwa. Ofisa aliyekuwa zamu hakuwa mkali. Aliwaamkia vizuri, akaomba vitambulisho, akavipitia kimoja kimoja. Alipofika kwenye kadi ya ukimbizi ya Ayak akainua uso.

"Kibali kiko wapi?"

Ayak alimpa barua ya mwaliko. Ofisa aliisoma yote, hata jina la aliyetia sahihi. Kisha akaikunja vizuri na kumrudishia.

"Hii ni barua ya kukaribishwa kule. Mimi naomba ya kuruhusiwa kutoka huku."

Cheruiyot alishuka, akaeleza kwamba mama huyu anakwenda kwenye kikao cha kupanga mji wa Kakuma na kwamba ni kaunti yenyewe iliyomwita. Ofisa akasema ameelewa, na kwamba yeye hakuitunga sheria. Akapigiwa simu Jepkoech, ofisa wa mipango aliyeandika barua. Akaongea na polisi kwa heshima, polisi naye akamjibu kwa heshima, na hakuna kilichobadilika. Waliobaki garini walianza kutazama saa zao. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, kwamba ndiyo maana hawa watu hawafai kuchanganywa na wengine.

Ayak alishuka. Akidor alishuka pia, akasimama kando yake kwenye lami.

"Rudi ndani," Ayak alimwambia. "Tukikaa sote hapa, huko atasema nani?"

Akidor alimtazama yeye, akalitazama gari, akatazama barabara iliyokuwa ikimeta kwa joto.

"Haya. Mimi nitasema ya kwetu," akasema, akapanda.

Gari liliondoka. Ofisa alimwonyesha Ayak aketi juu ya magunia ya makaa, kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine, akamwambia kwamba jioni atarudishwa Kakuma na gari la polisi. Basi akakaa hapo, na jua likapanda. Kila gari lililosimama, abiria walichungulia kumwona. Mwanamke mmoja alimwuliza mwenzake kama yule ndiye mwenye makaa.

Hakuumia sana kwa hayo. Kilichomla ni lile neno, kwetu. Lilikuwa neno dogo, na Akidor alilitamka kwa upole, lakini lilikuwa na kuta ambazo Ayak hakujua zimefika wapi. Kwetu ya kona ya Tarach, pande zote mbili? Au kwetu ya mbuzi na wazee? Kadiri jua lilivyozidi ndivyo alivyozidi kuona kwamba Akidor hakuwa na deni kwake. Yule kijana aliyeumizwa alikuwa mtoto wa dada yake.

*

Simu ilipolia, ofisa alimruhusu aipokee kwa kuinua kidevu. Nyuma ya sauti ya Akidor kulisikika feni na watu wakikohoa.

"Mama Awan. Unanisikia? Hawa watu wanasema wanaweza kusogeza mstari."

"Mstari upi?"

"Ya malori. Wanasogeza kidogo, njia ya mbuzi inabaki. Malori yote inakuja kwenu. Wanasema kama mimi nakubali, imeisha, wanaandika."

Hiyo ndiyo zawadi ambayo wazee wa ng'ambo walimtuma Akidor kuileta, na sasa alikuwa amewekewa mkononi. Angefanya nini mtu mwingine? Angefanya nini yeye mwenyewe?

"Umewaambia nini?" aliuliza.

"Nimewaambia wangoje. Nimesema mwenye nyumba hayuko, amekalishwa na polisi kwa barabara. Hawajaamini. Wanasema hakuna mtu anaweza kuitwa na serikali na kushikwa na serikali. Sasa nimesimama kwa maiki. Simu naweka hapa. Sema wewe."

Pakawa na mkwaruzo, kisha uwazi mkubwa, na Ayak akajua kwamba ukumbi mzima unamsikia. Ofisa wa polisi alikuwa amesogea. Alikumbuka uso wa Biar ulivyogeukia ukuta. Kila neno atakalosema sasa litakuwa na jina lake juu yake, na hakutakuwa na namna ya kulirudisha.

"Naitwa Ayak," akasema. "Nakaa kona ya Tarach, pale mlipochora malori. Mlinialika, na niko njiani, nimekalishwa juu ya gunia la makaa kwa sababu sina kibali cha kuja. Siwalaumu polisi. Lakini mkiandika leo kwamba watu wa pale wamekubali, mjue hamkuwauliza. Sisi haturuhusiwi kuja kwenu. Ninyi mnaruhusiwa kuja kwetu. Njooni mtuulize tukiwa tumesimama pale pale."

Alisikia mtu akimtaka ataje namba ya kadi yake. Alisikia Akidor akisema kwa Kiturkana, kwa kirefu, na sauti za watu zikiitikia, nyingine kwa hasira. Kisha mtandao ukakatika. Ayak akabaki ameishika simu sikioni kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

Ofisa alirudi kwenye kibanda chake. Baadaye alimletea chupa ya maji, akaiweka juu ya gunia na kuondoka.

*

Jioni alipelekwa kituoni Kakuma. Jina lake liliandikwa kwenye kitabu cha matukio: ametoka kambini bila kibali. Simu ya Jepkoech ilisaidia kiasi hiki tu, kwamba alionywa na kuachiliwa badala ya kulala ndani. Biar alikuja kumchukua. Alisimama mbele ya kaunta, mikono imemlegea, akitazama kalamu ikilimaliza jina la mkewe herufi baada ya herufi, na akatia sahihi pale alipoonyeshwa.

Walitembea hadi nyumbani hawakusemezana. Kwenye geti la ua Biar alisema, "Sasa umefurahi?" na kabla hajajibiwa akaingia ndani.

Ukimya huo uliendelea siku nyingi. Biar alikula alichopikiwa, alitoka, alirudi, na maneno yake yote aliyapitisha kwa mama yake. "Mwambie maji yamekwisha," angesema, na Ayak yuko pale pale. Adut alivumilia, mpaka siku moja akamwambia mwanawe kwamba yeye si askari wa mlangoni. Kama ana neno na mkewe aende mwenyewe.

Akidor naye alikuja, na mzigo wake wa kuni. Hakuutua nje. Aliingia nao hadi mlangoni, akaketi chini kivulini, akavua viatu. Alisimulia kwamba kule ukumbini walibishana hadi chakula cha mchana kikapoa. Wengine walimwita msaliti. Wazee wake walipopata habari walimfokea, wakamwuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kuikataa njia ya mbuzi iliyokwisha kutolewa bure. Aliwaambia kwamba malori yakijaa upande mmoja wa laga, mafuta yatashuka kwenye visima vya pande zote mbili, na mbuzi hawaulizi mafuta ni ya nani. Hilo liliwanyamazisha wengine, si wote.

"Nao watu wa mipango?" Ayak aliuliza.

"Wanakuja. Hawajapenda, lakini wanakuja."

*

Walikuja asubuhi yenye upepo. Jepkoech, mwanamke kijana mwenye miwani na viatu visivyofaa mchanga, aliitandaza ramani juu ya boneti ya gari, watu wakaishikilia pembe zake kwa mawe. Watu wa bloku walisimama upande mmoja, Waturkana upande wa pili, na katikati pakabaki nafasi ambayo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuivuka. Biar alikuja akiwa wa mwisho. Alisimama mbali, mikono kifuani.

Habari ya malori ilikwisha haraka kuliko walivyodhani. Walipotembea wote hadi pale, Jepkoech mwenyewe aliona kwamba gari zito likigeuza kwenye kona ile litakaa mchangani lisitoke. Madereva wawili wa Lokichoggio walioitwa wakasema wangependa zaidi ardhi ngumu ya juu, kando ya barabara kuu, mbali na nyumba. Mstari ukafutwa. Akina mama wakapiga vigelegele.

Ndipo Jepkoech akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliwauliza mafuriko ya mwisho yalifika wapi.

Kila mtu alijua. Wazee wa Kiturkana walionyesha kwa fimbo zao, na fimbo zao zilipita juu ya safu ya kwanza ya nyumba za bloku. Ukingo ulikuwa umeliwa hadi karibu na ua. Jepkoech akasema, na sauti yake haikuwa ya kutisha, kwamba hataki kulichora hilo Lodwar. Anawauliza wao: safu hii ibaki, au irudi nyuma kwenye uwanja wazi uliokuwa umechorewa malori?

Macho yote yakamgeukia Ayak. Nyumba yake ilikuwa katika safu hiyo. Alikuwa amepigana ili isiguswe, ameaibishwa kwa ajili yake, ameandikwa polisi, na sasa alikuwa akiombwa aitoe kwa mdomo wake mwenyewe. Jirani mmoja alinong'ona kwamba aseme ibaki, wengine wanahitaji muda. Akatazama ukingo, akaona mizizi ya mgunga ikining'inia hewani.

"Irudi," akasema. "Irudi nyuma. Lakini muandike kwamba tumerudi wenyewe, na kila atakayebomoa apewe kiwanja chake hapo nyuma kabla hajabomoa. Si baadaye. Kabla."

Wengine walinung'unika. Mama mmoja wa safu hiyo akaanza kulia waziwazi. Ayak hakuthubutu kumtazama Biar. Alipothubutu, Biar hakuwapo.

Alimkuta nyumbani, juu ya paa, akiling'oa bati la kwanza. Adut alikuwa chini akipokea misumari na kuinyoosha kwa jiwe.

"Hawajatoa viwanja bado," Ayak alisema.

"Najua," Biar alijibu. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu lile la getini. "Nalegeza tu. Nimeona ile mizizi."

*

Viwanja vilichelewa, vikatoka. Kutoka nchi ya mbali hakikuja kitu. Kama ni kwa sababu ya kitabu cha polisi, au ya uvumi, au ya mambo ya walimwengu wakubwa yasiyowajua hata kwa majina, hakuna aliyewaeleza, na Biar hakuuliza mbele ya mkewe. Siku nyingine aliamka akiwa na uso wa mtu aliyefiwa, na siku hizo Ayak alimpa nafasi.

Matofali Biar aliyafyatua mwenyewe. Siku ya kupima msingi alifunga kamba kwenye vigingi, akavuta, akarudi nyuma kutazama, akavuta tena. Ayak alipita na ndoo ya maji ya kuchanganyia udongo, akaitua, akageuka kwenda kujaza nyingine.

"Mlango uangalie wapi?" Biar aliuliza.

Ayak alidhani anasema na mama yake. Lakini Adut alikuwa kwa Akidor.

"Tangu lini naulizwa mimi?"

Biar alikuwa amechuchumaa, kigingi mkononi, hakuinua uso.

"Nakuuliza," akasema.

Ayak alisimama. Akageuza shavu kutafuta upepo unakotokea, akapima jua la alasiri lingeangukia wapi, wapi Adut angeweka ungo wake na wapi Awan angelala mchana. Alichukua muda wake wote. Biar alingoja. Kisha Ayak akainama, akakichukua kigingi mkononi mwa Biar, akaenda kukisimika.